Kwapa, Kiwiko, Kifundo

Ezron Kuvi alilala kifudifudi, shavu mchangani, mkono wa kulia umezama shimoni, na vidole vikagusa yai mapema mno. Akautoa mkono, akautazama. Mchanga wenye unyevu ulikuwa umeishia kwenye kiwiko. Akauingiza tena polepole, kama mtu anayerudia hesabu kwa sababu jibu halikumpendeza. Kiwiko kilekile.

"Ilipaswa kuwa kwapa," alijisemea.

Ndege wenyewe ni weusi, wadogo kuliko kuku, na wavivu wa kuatamia. Hushuka kutoka msituni alfajiri, hufukua mchanga uliopashwa moto na mlima wa volkano, hutaga yai kubwa kuliko mwili wao unavyostahili, hulifukia na kwenda zao, wala hawarudi kuuliza hali. Kifaranga huangulika hukohuko chini, hujichimbua mwenyewe na kukimbilia msituni bila kumjua mama wala baba. Ndege wakishaondoka ndipo watu huingia uwanjani, kila ukoo kwenye kipande chake kilichozungushiwa makuti, kutafuta mayai ya kula na ya kuvusha kwenda soko la Honiara, mji mkuu ng'ambo ya bahari.

Ardhi ikitulia, mayai hukaa chini kabisa, usawa wa kwapa, na mchimbaji hula mchanga kwa pua kabla hajayafikia. Ardhi ikipata joto, ndege huyapandisha, hutaga juu zaidi, maana hakuna mzazi anayetaka kuchemshiwa wanawe. Hayo kisiwani anayajua hata mtoto. La Ezron peke yake lilikuwa la mbele ya hapo: kwamba mayai yakipanda ghafla, tetemeko liko njiani. Hakusomea popote. Watu wenye akili hupima kwa rula. Ezron aliijaribu ikavunjika, akajaribu fimbo ikatoboa mayai. Mkono wake haukuwahi kutoboa yai, basi akapima kwa mkono: kwapa, kiwiko, kifundo.

Yote yalianza mwaka ambao Lensi, mkewe, alikuwa na mimba ya kitinda mimba wao. Mayai yalipanda kutoka kwapa hadi kifundo cha mkono katika juma moja tu. Ezron hakujua maana yake. Alishangaa tu, na kwa kuwa mtu aliyeshangaa hana raha, alimtoa Lensi na watoto wakalala nje chini ya turubai, huku Lensi akimlaani kwa kila mbu. Kabla ya mapambazuko ardhi ikatikisika, na jiwe kubwa kutoka mlimani likapita katikati ya nyumba yao tupu, likaenda kukaa kwenye bustani ya viazi vitamu. Lipo hadi leo. Kuku hupanda juu yake kuota jua. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia Ezron kwamba ndege hawajui kitu.

Kisha akaota mbawa, nazo zikamponza. Mara mbili alipuliza baragumu kutangaza tetemeko, mara mbili ardhi ikanyamaza. Mara ya kwanza kijiji kizima kililala kwenye uwanja wa mpira, mvua ikawanyeshea, na nguruwe wakaingia mashambani wakala viazi kwa raha zao. Watu walicheka mwaka mzima. Mara ya pili Bibi Loti alikimbia gizani akavunjika nyonga, na mpaka sasa hatembei bila mkongojo. Hapo hakuna aliyecheka, na Ezron alikaa siku nyingi bila kumtazama mtu usoni.

Ndipo Patteson, mjomba wa Lensi na msemaji wa ukoo, alipomwita mbele ya watu. "Mkwe," alisema, "kukosea ni kwa binadamu. Lakini ukitutangazia tena bure, mkono wako usiingie tena mchangani mwetu. Utavua samaki kama wanaume wengine."

Kisiwani ardhi hupita kwa wanawake. Ezron alitoka upande wa pili wa mlima akaoa, na kila punje ya mchanga aliyoilalia ilikuwa ya ukoo wa mkewe. Kwa mwanamume mwingine adhabu hiyo ingekuwa kukosa mayai. Kwa Ezron ilikuwa kufumbwa macho.

Na sasa kiwiko. Tena Jumapili ilikuwa inakuja na askofu wake, kulitabaruku kanisa jipya lenye kuta za saruji, na nusu ya kisiwa ingejazana ndani.

Alimkuta Patteson barazani akitafuna popoo.

"Mjomba, mayai yamepanda."

Patteson akatema mate mekundu. "Yamefika wapi?"

"Kiwiko. Niliyoyagusa yote kwenye kipande chetu, juma hili."

"Na Jumapili askofu yuko hapa."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

"Nilichokuambia unakikumbuka?"

"Nakikumbuka."

"Na bado unasema?"

Ezron aliutazama mkono wake. "Kuta ni za saruji, mjomba. Na watakaokaa mbele ni watoto."

Patteson alitafuna mpaka popoo ikamwishia mdomoni. Hakuwa mtu mbaya, na wajukuu wake walikuwa miongoni mwa hao wa mbele. "Ibada itakuwa kwenye uwanja wa mpira," alisema. "Nitamwambia padre watu hawatatosha ndani. Si uongo mkubwa. Lakini Jumapili ikipita salama, mkwe, ujue."

"Nimejua."

Habari ikaenea, na utani ukaifuata. Hilari, ambaye kipande chake kilipakana na cha kina Lensi, alimngoja Ezron kwenye makuti. "Shemeji, safari hii tulale wapi? Mara ile nililala matopeni, shangazi upande huu, nguruwe upande ule. Nikashindwa kujua nani anakoroma."

"Safari hii hamlali nje. Mtasali nje."

"Na askofu akinyeshewa tumwambie ndege wameamua?" Hilari alicheka, kisha akajishika bega. "Lakini hao ndege wako wanapendelea. Kwako wanataga juujuu, mimi leo nimechimba nusura ning'oe bega. Kwapa tupu."

Ezron aliyekuwa ameshaanza kuondoka akasimama. "Umesema kwapa?"

"Kwapa. Kama jana, kama juzi."

Kati ya kipande cha Hilari na chao palikuwa na makuti tu. Mlima haujui makuti ya nani ni ya nani. Ukipasha, unapasha pote. Ezron akaacha alichokuwa akienda kufanya, akazunguka uwanja mzima akiuliza. Kwa huyu kwapa. Kwa yule kwapa. Kwa mzee mmoja mwenye mkono mfupi, kwapa na urefu wa kijiko cha kifuu juu yake. Uwanja mzima ulikuwa umetulia, isipokuwa kipande kimoja, na hicho kimoja ndicho alichokitegemea kumtoa askofu kanisani.

Mtu mwingine angeogopa. Ezron naye aliogopa, lakini hofu yake iliketi nyuma, na mbele yake lilitangulia swali. Alirudi kwenye shimo, akalitoa lile yai ambalo siku ile aliligusa tu, akaliweka kiganjani na kulitazama vizuri. Yai jipya lina rangi ya waridi iliyofifia. Likikaa chini majuma mengi hugeuka kahawia na kuchakaa. Hili lilikuwa kahawia. Akachimbua jingine la kiwiko, kahawia. La tatu alipolisogeza sikioni, alisikia kifaranga akikwaruza.

Basi lilikuwa yai la siku nyingi. Lakini shimo hilo alilichimba yeye mwenyewe juma lililopita akalikuta tupu. Yai halina miguu.

Kesho yake alitangulia uwanjani kabla ya wengine, akasimama nyuma ya mti mpaka ndege wakamaliza na kuruka. Mtu mmoja akaingia mapema, akiwa na kikapu cha majani. Alipiga magoti kwenye kipande cha kina Lensi, akafukua kwa mkono, akatoa yai la kahawia kikapuni, akaliteremsha chini kwa upole. Mkono ulipofika kiwiko ukakoma. Magoti yake hayakumruhusu kulala kama wachimbaji wengine.

Alikuwa Selina, mama yake Lensi, na Ezron akageuka upesi akaitazama bahari. Mkwe hamtazami mama mkwe akiwa amepiga magoti. Hampiti mbele, halitaji jina lake, wala hasemi naye ana kwa ana. Kila neno hupita kwa mtu wa tatu. Miaka yote hiyo walikuwa wamekula chungu kimoja bila kusemezana hata salamu. Ezron akasimama hivyo, mgongo kwa jibu na uso kwa maji, udadisi ukimwasha kuliko upupu.

Aliuvumilia mpaka jikoni. Lensi alikuwa akikuna nazi. Selina aliketi karibu na moto, na Ezron akakaa nje ya ukuta wa makuti, mahali pake pa siku zote.

"Lensi, muulize mama kwa nini anazika mayai."

"Mama si kiziwi, amekusikia."

"Muulize hata hivyo."

Lensi akamgeukia mama yake, lakini Selina alikuwa ameshaanza kusema, na aliyekuwa akisema naye ni sufuria. "Wewe sufuria unajua. Vijana wa siku hizi wanachimba mbio wawahi boti ya Honiara. Yai wakilikuta lina kifaranga hawalirudishi chini. Wanalitupa pembeni, jua linaliua. Zamani tulirudisha. Sasa ndege wenyewe wamepungua na kila mtu anashangaa wamekwenda wapi. Nikaona niyaokote."

"Muulize kwa nini kwenye kipande chetu."

"Sufuria, ningezika kwa Hilari wangesema nimeingia kuiba. Na wakijua nimezika kwangu watasema Selina anahamisha mayai ya watu. Ndiyo maana sikumwambia mtu." Akasukuma kuni motoni. "Nilijua mkwe wangu anayapenda mayai. Sikujua yakae wapi ndipo apende."

Ezron akajishika kichwa. Nadharia yake alikuwa amemweleza kila mtu kisiwani. Amemweleza padre, amemweleza mbwa. Mtu mmoja tu hakuwahi kumweleza, na ndiye mwenye mchanga.

Selina alipotoka kwenda kuteka maji, Lensi alikuja kukaa karibu na mumewe. "Sasa nisikilize. Nyamaza. Ibada iwe nje, watu wasali, yaishe. Nchi hii haikosi kutikisika. Huenda ikatikisika Jumapili hiyohiyo, ukatoka kidume."

"Ikitikisika, nitakuwa nimejua nini?"

"Utakuwa na mkono wako."

"Nitakuwa na mkono," Ezron alisema. "Lakini kila nitakachokigusa baada ya hapo nitajua nilianza kwa kudanganya. Hata yai likinieleza ukweli, sitaliamini."

Lensi alimfahamu mumewe, akaacha. Alilia kidogo, akarudi kwenye nazi yake.

Jumamosi watu walikuwa kwenye uwanja wa mpira wakisuka makuti ya kivuli cha askofu, wanaume wakisimamisha nguzo, wanawake wameketi na majani mapajani, Selina akiwa kati yao. Ezron akamwendea Patteson mbele ya wote.

"Mjomba, nimesoma vibaya. Mayai yale hayakutagwa pale. Yaliwekwa."

"Yaliwekwa na nani?"

"Na mtu aliyeyaonea huruma."

"Nakuuliza nani."

"Aliyekosea kusoma ni mimi. Ningeuliza majirani kabla ya kuja kwako, ningejua. Ibada iwe kanisani. Jina usiniulize, mjomba."

Upande wa wanawake mikono ilikuwa imesimama. Selina hakuinua uso. Patteson aliwatazama wanawake, akamtazama Ezron, na huenda aliona zaidi ya alichoambiwa. Lakini neno lake alikuwa amelitoa hadharani, na neno la hadharani halirudishwi mfukoni.

"Basi mkono huo umestaafu," alisema.

"Angalau askofu hatalowa," Hilari akasema, kisha yeye mwenyewe akaona haya akarudi kwenye nguzo yake.

Ibada ikafanyika ndani, watoto wakaimba, saruji ikasimama wima. Ezron aliimba pia. Jumatatu akaingia baharini kuvua, na ukweli lazima usemwe, alikuwa mvuvi mbovu. Alirudi na visamaki ambavyo paka alivitazama mara mbili. Mayai ya nyumbani sasa alichimba shemeji yake, kaka wa Lensi, aliyefukua mtaro mpana kwa bati bila kupima lolote. Ezron akimuuliza mayai yako wapi, alijibu, "Chini."

Kilichomuumiza si dhihaka. Alikumbuka kijana mmoja wa ofisi ya volkano, aliyevuka kutoka Honiara kuja kuangalia mashine yao mlimani, akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hawalifanyi. "Ndege anapima joto, mzee, hilo nakukubalia," alimwambia. "Lakini mitetemeko mingi haitoki kwenye mlima wako. Inatoka baharini, mbali, na huko hakuna ndege." Ezron aliyabeba maneno hayo kama deni. Yawezekana mara zile mbili alizokosea ardhi ilipata joto tu, na yale matetemeko mengine yaliyokuja bila mayai kupanda yalikuwa ya baharini. Yawezekana mkono ulijua nusu, na nusu si haba. Lakini utaijuaje nusu ukiwa umekaa ndani ya mtumbwi?

Asubuhi moja Selina aliingia jikoni akiwa na mchanga shavuni. Ulikuwa umeshika upande wote wa uso, mpaka kwenye nywele za mvi. Ezron alikuwa nje ya ukuta akitengeneza wavu. Akausikia mfuniko ukiwekwa.

"Sufuria," Selina akasema, "leo kwapa."

Wavu ukamponyoka Ezron mikononi. Mwanamke yule, asiyeweza kuinuka kitini bila kushika ukuta, alikuwa amelala kifudifudi.

Tangu hapo sufuria ikapata habari kila asubuhi. Ezron alimwomba Lensi amkatie ujiti wa kuti wenye urefu wa mkono wa mama yake, akaupima kwenye mkono wake mwenyewe, na kujua kwapa la mama linaishia wapi kwake. Kisha maswali yakaanza. "Lensi, iulize sufuria kama mchanga ulikuwa mkavu." "Sufuria, mkavu juu, chini una jasho." "Iulize ndege walikuja wangapi." "Sufuria, wachache, na mmoja alichimba akaacha bila kutaga." Hilo la kuchimba na kuacha Ezron hakuwahi kuligundua, kwa sababu hakuwahi kufika mapema kiasi hicho. Walilijadili siku kadhaa, mkwe na mama mkwe, bila kusemezana hata neno.

"Mnanimaliza," Lensi alisema. "Mimi nimekuwa waya wa simu."

Patteson alipopita siku moja alisimama mlangoni. "Nasikia sufuria yenu inaongea."

"Inaongea, mjomba," Ezron alijibu.

"Mimi nilikataza mkono. Sufuria sikuitaja." Akaomba popoo, akaenda zake.

Msimu wa mvua ukaja ukapita. Kwapa, kwapa, kwapa. Mara moja kiwiko, kwa majuma, na ardhi haikufanya kitu, na Ezron akanyamaza akalitafakari. Vijana wawili, baada ya kumwona bibi mzima amelala mchangani, waliona haya wakaanza kurudisha chini mayai yenye vifaranga.

Ndipo ikafika asubuhi ambayo Selina alirudi mapema, bila kikapu. Hakuingia jikoni. Alizunguka ukuta, akaja kusimama mbele ya Ezron, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Ezron akashusha macho upesi, akaona miguu yake, na ule mkono. Mchanga ulikuwa umeishia kwenye kifundo.

"Ezron," akasema.

Ndani, kijiko cha Lensi kilianguka.

"Jana kwapa, leo kifundo. Kwetu, kwa Hilari, kwa Patteson. Nimeingia kwa wote bila kuomba. Na yote ni ya waridi, hakuna la kahawia. Mimi sijazika kitu."

Ezron aligeuza uso kuelekea ukutani. "Lensi, muulize mama kama mchanga—"

"Niulize mimi."

Akainua macho. Alikuwa hajawahi kuuona uso huo kwa karibu. Ulikuwa na mchanga, na macho ya Lensi, na hofu.

"Mchanga ulikuwa moto?"

"Sikuweza kuuacha mkono ndani." Akamwonyesha. Vidole vilikuwa vyekundu.

Huko chini kijijini kengele ya shule ilikuwa ikigongwa, na watoto walikuwa wakipanga mistari waingie darasani. Ezron alimfikiria Bibi Loti na mkongojo wake, na kijana wa Honiara, na kile kiwiko cha majuma yaliyopita kilichokuwa bure. Alijua nusu tu. Ndipo akamwita Selina kwa neno ambalo hakuwahi kumwita ana kwa ana.

"Na kama nimekosea tena, mama?"

"Tutakuwa tumekosea wawili," Selina akasema. "Lete baragumu. Nitapuliza mimi, wewe wamekuzoea."